Mzigo wa steshenari kwa meli: ukiona dalili hii, tatizo liko hapa

Wadau wa steshenari, hii naiandikia wale mnaoagiza madaftari, rimu, peni, mafaili na vifaa vya ofisi kutoka China kwa njia ya meli, iwe mnashea kontena au mnavuta kontena zima. Mimi niko Kariakoo, mzigo wangu mwingi unatoka Yiwu, unapakiwa bandari ya Ningbo na unashukia Dar. Kitu ambacho nimekiona mwaka hadi mwaka ni kwamba tatizo unalikuta bandarini au stoo, lakini lilianzia kule kule kwa msambazaji, siku kontena linapakiwa au siku invoisi inaandikwa. Kwa hiyo ukikuta dalili usianze kugombana na dereva wa lori au na kijana wa bandari kavu, anza kurudi nyuma hatua moja moja mpaka ufike pale lilipoanzia, na ndivyo nitakavyofanya hapa.

Rimu zimelowa, au zinaonekana kavu ila printa inazitafuna

Hili ndilo limetuumiza wengi kwa hiyo nitalikalia. Ukifungua kontena ukasikia ile harufu ya boksi bichi, usikimbilie kushusha. Simama mlangoni, piga picha, halafu angalia maji yako wapi, maana mahali maji yalipo ndipo penye jibu.

Kama katoni za juu kabisa ndizo zimelowa, tena kwa madoa ya matone matone, na za chini kavu, hilo ni jasho la kontena. Karatasi ina unyevu ndani yake hata kama ukiishika unaona kavu, na maboksi yana unyevu, na mbao za paleti zina unyevu. Mchana jua linapiga bati, ndani panapata joto, ule unyevu unatoka unakua mvuke. Usiku bati linapoa haraka, mvuke unagusa dari unageuka maji, yanadondoka kwenye mzigo wako. Hiyo inarudia siku baada ya siku kwa mwezi mzima baharini. Hakuna tundu, hakuna mvua iliyoingia, maji umeyapakia mwenyewe ukiwa China bila kujua.

Kama maji yako sehemu moja tu, labda kona, na yameshuka kama mstari kutoka juu mpaka chini, hapo tafuta tundu. Ingia ndani kontena likishakua tupu, mwambie mtu afunge milango yote uko ndani, tulia dakika moja macho yazoee giza. Popote unapoona mwanga ndipo maji yalipopita. Cheki na mipira ya mlangoni, ikichanika au ikikunjwa maji yanaingia kwa chini.

Na kama katoni za chini ndizo zimenyonya na zina alama ya kahawia kwa usawa mmoja kontena zima, basi kontena lilikaa kwenye maji yaliyosimama yadi, au sakafu ilikua imeoshwa ikapakiwa mbichi.

Sasa kuna swali la maji ya bahari au maji ya kawaida, na hili ni la hela kwa sababu bima na kampuni ya meli wataliuliza. Usilambe katoni kama wengine wanavyofanya. Mkaguzi wa mizigo anakuja na kichupa cha silver nitrate, anadondosha tone moja kwenye sehemu iliyolowa. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hapo kuna chumvi, maana yake ni maji ya bahari. Isipobadilika basi ni mvua au ni lile jasho. Mara ya kwanza nilivyoona lile tone linageuka jeupe juu ya katoni yangu ya kaunta buku nilielewa kwamba miezi miwili niliyobishana na msambazaji nilikua nambishia mtu ambaye hakuhusika.

Kuna hali ya tatu ambayo inadanganya sana. Katoni kavu kabisa, hakuna doa, unauza vizuri, baada ya wiki mteja wa ofisi anarudi anasema karatasi zako zinajam. Chukua rimu moja, ifungue, iweke mezani uiangalie kwa ubavu, macho yako yalingane na meza. Ukiona kingo zina mawimbi, yaani zinapanda zinashuka ila katikati pako sawa, karatasi imenyonya unyevu kwenye kingo. Ukiona kinyume chake, kingo zimekaza na katikati pamejaa kama bakuli lililofunikwa, imekauka kupita kiasi. Zote mbili printa haizipendi. Dawa kwa rimu ambazo hazijaharibika sana ni kuziacha kwenye chumba kile kile chenye printa siku nzima bila kufungua karatasi ya nje, zizoee hewa ya pale, ndio uzifungue. Na mwambie mteja akishafungua rimu asiiache wazi usiku kucha kwenye ofisi yenye AC inayozimwa jioni.

Kuzuia: kwanza waambie China wakurekodie video ya kontena tupu kabla ya kupakia, sakafu, dari, milango, na ile ya mtu kufungiwa ndani. Video ya dakika mbili WeChat, haina gharama. Pili, vile vipakti vidogo vya silika jeli vya kwenye viatu havisaidii kontena, unahitaji zile mifuko mirefu ya kalsiamu kloraidi zinazoning'inizwa pembeni mwa kontena, ikifika Dar unazikuta zimejaa maji na ukizishika uzito wake utaelewa hayo maji yangekua wapi. Tatu, tandaza karatasi nene ya kraft au kadibodi juu ya mzigo wote ili matone yapate pa kuangukia. Nne, usikubali madaftari yaliyotoka kiwandani asubuhi yapakiwe mchana, gundi na karatasi bado vina unyevu, yakae kwanza. Na kwenye rimu uliza karatasi ya kufungia ina nailoni kwa ndani au ni karatasi tupu, tofauti ya bei ni ndogo mno.

Mzigo ukifika kipindi cha masika jiandae pia upande wa huku. Nimeona kontena limevuka bahari salama kabisa halafu likafunguliwa bandari kavu mvua inanyesha, katoni zikapangwa chini kwenye sakafu ya zege inayotiririka maji. Beba turubai lako na paleti chache, usitegemee za pale.

Rola za EFD zimeingia weusi, gundi imeganda, peni zimevuja

Hapa adui ni joto. Kontena likikaa juani yadi, hewa ya pale juu karibu na bati inaweza kupita nyuzi 50 na hata kugusa 60. Karatasi za rola za mashine za risiti za EFD zinaandika kwa joto, hakuna wino, kwa hiyo ukizipika zinaanza kujiandika zenyewe, zinatoka na kivuli cha kijivu, na risiti inasomeka kwa shida. Ukikuta rola za katoni za juu ndio zimekua kijivu na za chini nyeupe, huna haja ya kuuliza zaidi. Ukikuta zote za kijivu mpaka za katikati ya kontena basi karatasi yenyewe ni ya kiwango cha chini au ilikaa stoo miaka.

Plastiki za laminesheni zinashikana zenyewe kwa zenyewe, krayoni zinapinda, rababendi zinakua kama ubani. Vyote hivi waambie wavipange chini na katikati, mbali na dari na mbali na milango, juu weka mafaili ya plastiki na mikebe ya hesabu ambayo haijali.

Peni na maka peni zikivuja angalia zilivyolala. Maka za ubao zinatakiwa zilale, ukizisimamisha kifuniko juu wino unashuka kwenye mkia na ukija kuandika inatoka mkwaruzo, mteja anadhani imekauka. Nyingine zinafufuka ukizilaza siku mbili tatu, jaribu kabla hujatupa katoni. Biki zikivuja kote kote, katoni ya juu na ya chini sawa, usilaumu joto, huo ni wino mwepesi au kichwa kibovu, ni ishu ya kiwanda.

Gundi nyeupe ya maji ikiwa imekua kama jibini iliyokatika, hapo mara nyingi ni baridi na sio joto. Mzigo ukipakiwa Tianjin au Qingdao mwezi wa kwanza kule ni chini ya sifuri, gundi inaganda barafu, ikiyeyuka hairudi ilivyokua. Gundi agizia miezi mingine au ipakiwe bandari za kusini.

Katoni zimebonyea na kupasuka

Wengi wanasema mawimbi, hasa mzigo ukija kipindi cha kusi. Mawimbi yapo lakini angalia mpangilio kwanza. Katoni ya rimu tano za A4 gramu 80 ina kilo 12 na nusu ya karatasi tupu. Ukipanga nane kwenda juu ya katoni moja ya mafaili ya springi, unategemea nini? Nzito chini, nyepesi juu, kila mtu anajua, lakini vijana wa kupakia wanaingiza kwa utaratibu wa mzigo ulivyofika godauni na sio wa uzito. Tuma mchoro. Hata wa kuchora kwa mkono na kupiga picha.

Halafu kadibodi ikilowa inapoteza nguvu sana, kwa hiyo katoni zikibonyea zote upande mmoja, shika, zikiwa laini rudi kwenye lile la jasho hapo juu. Omba katoni za kuta mbili, zile zenye mawimbi mistari miwili ukiangalia kwa ubavu. Na nafasi ikibaki mlangoni ijazwe mifuko ya hewa au mbao, vinginevyo mzigo unatembea.

Mbao na paleti ziwe na muhuri wa ISPM 15, ile alama ya suke la ngano na herufi HT, ina maana ubao umepashwa mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu. Bila muhuri unaweza kusumbuliwa na watu wa karantini kwa ajili ya mbao ambazo hata hukuziagiza.

Kontena limeachwa China, meli imeondoka

Sababu ya kwanza, uzito. Tangu Julai 1, 2016 kontena halipandi meli bila uzito wake kupimwa na kuthibitishwa, ile wanaita VGM, ni sheria ya kimataifa ya usalama wa meli. Msambazaji akikisia, akapunguza ili alipe kidogo, ikapimwa ikakutwa tofauti, linabaki.

Na hapa niseme la futi 40. Mtu anapiga hesabu ya CBM, yaani mita za ujazo, anaona futi 40 ni mara mbili ya futi 20 na bei haijawa mara mbili, anachukua futi 40 anataka ajaze rimu. Haiwezekani. Katoni 1,500 za rimu ni kama CBM 28 na zina tani 19 hadi 20, hizo zinakaa vizuri kwenye futi 20. Ukiziweka 3,000 kwenye futi 40 unakaribia tani 40, wakati mlangoni pameandikwa uzito wa mwisho tani 30.48 au 32.5 ukijumlisha na kontena lenyewe. Karatasi ni mzigo wa futi 20. Futi 40 ni ya mafaili, mabegi ya shule, viti vya ofisi. Ukitaka kutumia futi 40 changanya, rimu safu chache chini na vitu vyepesi juu. Na kumbuka barabara zetu nazo zina mizani, kwa sheria ya Afrika Mashariki lori lote na mzigo wake mwisho tani 56.

Sababu ya pili ni vitu vya hatari ambavyo hukujua ni vya hatari. Ule wino mweupe wa kufutia makosa ukiwa na kiyeyushi kinachowaka ni kimiminika cha kushika moto, gundi ya kupuliza ya kopo ni gesi, kimiminika cha kusafishia ubao chenye spiriti nacho kinashika moto. Ukikuta kontena limezuiwa kwa ajili ya katoni kumi za vitu hivi, omba msambazaji karatasi ya MSDS, ile ya maelezo ya usalama, ya kila bidhaa ya maji maji na usome sehemu ya 14, hiyo inazungumzia usafirishaji tu, itakuambia kama ni hatari na ni daraja gani. Kama ni hatari tangaza au iache. Kuficha ndani ya katoni za madaftari ni kuhatarisha watu walioko melini, moto ukitokea katikati ya bahari hawana pa kukimbilia. Kuna wino wa kufutia unaotumia maji, agizia huo.

Bili ya Dar imekua kubwa kuliko nauli ya meli

Soma bili mstari kwa mstari kabla ya kulalamika, kwa sababu kuna bili za aina tatu zinachanganywa. Storeji unalipa bandari au bandari kavu kwa nafasi mzigo unayokalia. Dimariji unalipa kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena lao likiwa bado bandarini baada ya siku za bure kuisha. Na kuna ya kuchelewa kurudisha kontena tupu ukishalitoa, hii watu wanaisahau kabisa, kontena limekaa nje ya stoo siku tisa linashushwa pole pole huku mita inasoma.

Ukijua ni ipi unajua nani alichelewa. Kama ni dimariji, jiulize BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, ilikua wapi. Mara nyingi original ziko bado China kwa sababu hujamaliza kulipa asilimia 70 iliyobaki baada ya advansi, au zimetumwa kwa kuria wakati mzigo umeshafika. Malizia malipo meli ikiwa njiani na uombe teleksi rilizi, makaratasi yasisafiri kabisa. Angalia pia jina na TIN, jina kwenye BL likiwa tofauti hata herufi na la kwenye usajili wako unaanza kuomba marekebisho na kila marekebisho yana chaji na siku zake. Mimi siku hizi naomba drafti ya BL nasoma kwa sauti na mtu mwingine anashika cheti cha TIN.

Kama unashea kontena na uliuziwa CIF, yaani bei yenye bima na nauli mpaka Dar, kwa nauli ya chini ya ajabu, hela inarudishiwa huku. Yaani wakala wa kule anatoa nauli karibu bure, halafu mwenzake wa Dar anakuletea chaji za kushusha, za makaratasi, za godauni, na huna pa kwenda kwa sababu mzigo wako uko mikononi mwake. Nunua FOB, yaani bei ya mzigo mpaka upande meli kule China, utafute nauli mwenyewe, au kama ni CIF basi kabla ya kulipa advansi dai orodha ya chaji zote za Dar kwa maandishi. Akikataa kuandika, jibu umeshapata.

Mizigo ya kushea inalipiwa kwa CBM au kwa tani, ile itakayokua kubwa, kwa hiyo pini za stepla na klipu zitakushangaza, katoni ndogo lakini ni chuma. Waulize kabla.

Forodha wameshikilia mzigo

Ukiuliza wakala anasema tu "wanakagua". Mwambie akupe sababu iliyoandikwa, maana kila sababu ina dawa yake.

Ya kwanza na kubwa: invoisi imeandikwa neno moja tu, steshenari, pisi 48,000. Hakuna ushuru wa steshenari. Kila kitu kina namba yake ya HS, ile ya forodha ya kutambua aina ya bidhaa, karatasi za A4 ziko 4802, madaftari na kaunta buku 4820, bahasha 4817, peni na maka 9608, penseli, krayoni na chaki 9609, pini na klipu 8305, mashine ya stepla yenyewe 8472, vifaa vya ofisi vya plastiki 3926, ufutio 4016, vichongeo 8214, kikokotoo 8470. Ukiacha forodha wakuchagulie namba hawatachagua ya chini. Andika kila aina mstari wake, imetengenezwa na nini, idadi, uzito, bei, na packing list, orodha ya kilichomo kwenye kila katoni, ifanane na invoisi hadi katoni ya mwisho.

Ya pili, thamani. Msambazaji anakuambia tuandike nusu, wote wanafanya hivyo. TRA wana kumbukumbu ya bei za wenzako wote walioingiza kitu hicho hicho, wakikupandishia thamani unalipa zaidi na siku zimekwenda, na bado kuna faini. Bora ujue hesabu halisi mapema: mzigo ukiwa na CIF ya shilingi 10,000,000 na ushuru wa asilimia 25, ushuru ni 2,500,000, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa kwenye 12,500,000 na sio kwenye 10,000,000, hiyo ni 2,250,000. Kabla ya tozo nyingine ushafika 4,750,000. Wengi wanapiga VAT kwenye bei ya mzigo peke yake ndio wanakwama.

Ya tatu, alama za watu. Mabegi na mikebe yenye katuni maarufu, peni zinazofanana na za kampuni kubwa, hizo FCC, tume ya ushindani, wanazishika kama bandia na zinateketezwa. Ukiwa Yiwu ukaona begi zuri lenye katuni ambayo kila mtoto anaijua kwa bei ya kutupa, ujue mwenye katuni hajalipwa.

Ya nne, cheti cha ubora. Muulize wakala kabla hujalipa advansi kama bidhaa zako zinahitaji cheti kinachotolewa huko huko kabla ya kupakia, kwa sababu mzigo ukishapanda meli huwezi kurudi nyuma.

Na wateja wangu wa Lubumbashi mnaopitisha mzigo Dar, hakikisheni FERI, ile karatasi ya mzigo unaoingia Kongo inayotolewa na shirika lao la OGEFREM, imetolewa mapema, meli ikiwa bado baharini. Mzigo unaweza kuwa safi Dar ukalala mpakani kwa karatasi hiyo moja.

Idadi pungufu, rimu nyepesi

Kwa kontena zima, kabla ya kukata sili linganisha namba yake na ya kwenye BL, piga picha sili ikiwa bado mlangoni, namba ionekane. Namba zikilingana na katoni zimepungua, upungufu uko kwa aliyepakia. Zisipolingana, usifungue peke yako, ita wakala wa meli na mkaguzi. Kwa mzigo wa kushea, mara nyingi katoni hazijaibiwa, zimeenda kwa mwenye alama inayofanana na yako. Alama yako iwe kubwa, pande mbili za katoni, na namba za mfuatano, 1/320, 2/320, ukikosa unajua ni ipi hasa na ina nini.

Kuhusu uzito wa karatasi nunua mizani ya jikoni. A4 ya gramu 80, shiti 500, ni kilo 2.5 kasoro kidogo sana. Ikisoma 2.2 basi umeuziwa gramu 70 kwenye karatasi ya kufungia iliyoandikwa 80. Fanya hivyo hivyo kwenye sampo na uandike kwenye mkataba uzito wa rimu, sio gramu peke yake. Rola za EFD pima urefu, kata moja uinyooshe chini, kwa sababu kuna wanaoongeza unene wa kibomba cha katikati rola ionekane nene huku mita zimepungua. Mwenye duka la dawa akiishiwa rola mapema kila wiki hatarudi kwako.

Mzigo umefika shule zimeshafunguliwa

Shule zetu zinafungua Januari na wazazi wananunua kuanzia katikati ya Desemba. Hesabu kurudi nyuma: wiki mbili za kutoa mzigo, siku 30 hadi 40 baharini kutegemea kontena linabadilishiwa meli wapi, kama Singapore au Colombo, wiki moja ya kusubiri nafasi, siku 30 hadi 45 za kiwanda. Na katikati yake kuna Oktoba 1, China wanafunga wiki nzima, kila mtu anasukuma mzigo kabla ya siku hiyo na nafasi za meli zinaisha. Ndio maana oda ya madaftari inatakiwa iwe kiwandani Julai, ikichelewa sana Agosti. Ukiwa umeshachelewa usilipie haraka kontena zima, gawanya, madaftari na kaunta yatangulie, mafaili na vya ofisi vifuate, hivyo vinauzika mwaka mzima.

Umeshakuta hasara, unadai vipi

Usisaini makaratasi ya kupokea mzigo bila maelezo. Andika pale pale kwa kalamu, katoni 14 zimelowa, katoni 3 pungufu, na aliyekukabidhi asaini. Kama uharibifu haukuonekana nje, kwa kanuni za Hague, zile za kimataifa za mizigo ya baharini ambazo BL nyingi zinazifuata, unatakiwa utoe taarifa kwa maandishi ndani ya siku 3 tangu upokee, na mwisho wa kufungua kesi ni mwaka 1. Siku tatu ni chache, ukishusha Ijumaa jioni ukafungua katoni Jumanne umeshajiweka pabaya. Usitupe zilizolowa mpaka mkaguzi wa bima azione, na zitenge na kavu kwa sababu utaulizwa ulifanya nini kuzuia hasara isienee.

Bima yenyewe soma ni daraja gani. Ile ya C ya bei rahisi haigusi maji ya bahari yaliyoingia kwenye kontena, ya A ni pana lakini nayo haitalipa kama upakiaji wako ulikua mbovu, kwa hiyo zile video za China za kontena tupu na za kupakia zitunze, ndio ushahidi wako. Bima hiyo inakusaidia pia kwenye kitu kimoja ambacho wengi hawajawahi kukisikia, meli ikipata janga na mwenye meli akatumia gharama kuokoa meli na mizigo, wenye mizigo wote wanachangia, hata ambaye katoni zake hazikuguswa. Ilitokea kwa Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez Machi 2021, wenye mizigo walitakiwa kuweka dhamana ndipo wapewe makontena yao. Mwenye bima anapeleka barua kwa kampuni yake ya bima na wao ndio wanaweka hiyo dhamana. Asiye na bima anatafuta fedha taslimu huku kontena lake limeshikwa, na kama ni la madaftari na ni Desemba, wateja wake wanavuka barabara kwenda duka la pili.